Barafu ya Norwei na Maziko ya Mama

Södertälje, 23 Agosti 2009

Mdogo wangu mpendwa Agripina,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye asipofika kazini asubuhi kiwanda kizima cha malori hapa Uswidi kinasimama, wazungu wanashikana mashati wakiulizana Severin yuko wapi. Hujambo? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Ule mguu wako umepona? Mimi ni mzima, chakula kinapita.

Barua yako imefika. Umeniomba neno la kusomewa watu siku ya arobaini ya Mama, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza. Neno hilo nimelitafuta hadi Norwei.

Rafiki yangu Khalfan, yule wa Tanga, na mkewe Ziada walisema nisijifungie ndani peke yangu, wakanipakia garini. Siku mbili barabarani. Milima ile, Agripina, ukiangalia juu kofia inaanguka, na maji yanamwagika kutoka mwambani yakakuoshea gari bure. Halafu kona moja tu, mto wa barafu huo hapo kando ya lami, mkubwa kuliko mji wote wa Bukoba. Watu wanaegesha kama wanakwenda sokoni.

Nilidhani utakuwa mweupe. Ni wa kijivu, una mchanga na kokoto, na chini unavuja. Watu walishangilia. Mimi sikusikia kitu moyoni. Ziada alinitania kuwa ndiyo mara yake ya kwanza kumwona Mhaya amenyamaza. Khalfan akauliza kama nataka kuununua, mbona naukagua hivyo. Nikacheka kwa mdomo. Nikaweka kiganja kwenye barafu, nikahesabu mpaka mia mbili. Nilitaka mkono uume. Haukuuma. Khalfan ndiye aliyenitoa mkono, akauweka kwapani mwake upate joto, akaniuliza kama nilimuaga Mama. Nikamwambia ndiyo, kwa simu.

Agripina, hata wewe nilikudanganya. Siku ya maziko ulinipigia mara tatu ili simu ishikwe juu ya kaburi, nimuage Mama kabla ya udongo. Mkaningoja juani, na padri naye. Nikakuambia baadaye nilikuwa nawaongoza mainjinia. Sikwenda kazini siku ile. Hapa jengo zima tuna chumba kimoja cha kufulia, kila mtu anajiandikia saa zake ubaoni, na mimi nilijiandikia saa ile ile ya maziko. Simu nikaiacha mezani, nikashuka. Niliogopa watu wote mnyamaze kunisikiliza, na mimi, na mdomo wangu wote huu, nisiwe na la kusema.

Habari za barafu wasimulie watoto. Siku ya arobaini wasomee watu hii ya kufua.

Nisalimie shemeji, mama mkubwa na majirani wote waliobeba jeneza. Wakikuuliza nilikuwa nafua nini, waambie mashuka mawili. Tena yalikuwa safi.

Ndimi kaka yako,
Severin