Pakiti Tatu za Huzefa

Jumapili, 27 Aprili 2025

Kwaresima imekwisha, Pasaka imepita, Agnetha ametufungulia meza. Mke wangu huyu alizificha karata kwenye debe la mchele Kwaresima nzima na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Karata zetu za karatasi zimekufa. Utomvu wa tumbaku mikononi mwangu, chai ya mzee mwenzangu Vedasto, mafuta ya karanga — zimenata hata ukimchomoa bibi wa kopa anakuja na mgeni mgongoni. Tunacheza poka kwa karanga, maana dini ya mchezaji mwenzetu Huzefa haimruhusu kamari, na paroko wetu naye ana masikio marefu. Anayeshinda anakula.

Huzefa kaja na pakiti tatu za karata za plastiki kutoka Dar, tujaribu, tubaki na moja, mbili azirudishe dukani. Tausi, Nyota na Kasri. Akasema mzee Emilian ndiye achague, vidole vyake vinaaminiwa na mkoa mzima. Nikavimba kichwa, sikatai. Mimi ni mteuzi wa tumbaku. Nashika jani, natamka daraja, na mkulima analipwa kwa neno langu. Karata zitanishinda?

Tumeanza na Tausi. Nikagawa, kila mtu karata mbili. Vedasto akainua zake — tatu. Tukacheka wote. Tausi inateleza kama sabuni.

Jumanne, 29 Aprili

Nimezitandaza zote mezani, nimezikagua kikazi. Tausi: nyembamba, inang'aa, ukiipinda inarudi yenyewe. Namba kubwa, Vedasto atasoma bila miwani. Lakini utelezi huo hapana. Kasri: nzito kidogo, rangi imetulia. Nimeiosha ree ya shupaza kwa sabuni ya kipande, haikuchuja. Nyota: nene, na boksi linasema mgongo wake una vipele vidogo kama kitambaa, ili isiteleze. Uongo mtupu. Nimepapasa karata baada ya karata, sihisi kipele hata kimoja.

Nikamwita Agnetha. Akapitisha kidole mara moja tu. Hivi hapa, mbona vingi, akasema. Nikamjibu anajidanganya. Akacheka: mchagua jembe si mkulima. Akarudi jikoni na mimi nikabaki na hasira zangu.

Jumapili, 4 Mei

Siku mbaya.

Tumecheza Nyota, mimi nikigawa. Mgao wa kwanza Vedasto kapata tatu tena. Mgao wa pili mimi mwenyewe nikajikuta na tatu, na mbili kati yake ni wafalme. Vedasto hakucheka. Akasema kwa ile sauti ya upole ya mtu aliyekasirika kwamba karanga ni karanga tu, lakini tusizoeane vibaya. Yaani mwizi. Mimi! Tumejuana tangu yeye yuko stesheni anakata tiketi za garimoshi.

Nikasema plastiki mpya zina umeme, zinavutana. Huzefa akaangalia kikombe chake. Agnetha akaangalia mikono yangu. Wageni wameondoka kabla chai haijaisha.

Jumatano, 7 Mei

Wamepiga simu kutoka ofisini. Soko la tumbaku la Usoke linafunguliwa Jumatatu ya tarehe 19, niripoti siku moja kabla. Miaka mingine simu hii inanifanya nipige mluzi.

Agnetha alikuwa sokoni. Nikaichukua Nyota, nikashika karata huku naangalia ukutani, nikaongeza nyingine juu yake. Sikujua kama ninayo moja au mbili. Nikarudia na Tausi. Na Kasri. Kisha, sijui nani alinituma, nikaipitisha Nyota mdomoni. Vipele vyote vilikuwepo. Kama kitambaa kweli.

Boksi halikudanganya. Karata hazina kosa, zote tatu. Ni vidole. Ni ugonjwa huu wa sukari. Nyayo zilianza kufa ganzi mwaka juzi, nikasingizia viatu. Sasa imepanda mikononi.

Niandike, hakuna anayesoma: naogopa.

Rangi ya jani unaiona, harufu unaisikia. Unyevu unaushika. Nikiupitisha mtumba mbichi wa tumbaku, utaozea ghalani. Nikiukataa mkavu, mkulima anarudi nyumbani na jasho lake la mwaka mzima, na mimi nimeshamharibia jina.

Ijumaa, 9 Mei

Agnetha kauliza lini nilikwenda kliniki mara ya mwisho. Nikasema baada ya msimu. Akauliza tena usiku, wakati wa kula. Nikajifanya nasikiliza taarifa ya habari.

Mficha maradhi — najua, najua. Hata watoto nimewafundisha methali hiyo.

Lakini mteuzi akisema vidole vyake vimekufa, anabaki kuwa nani? Binti yetu Consolatha kabakiza mwaka mmoja chuoni. Msimu huu tu. Nitapima kwa shavu. Mdomo umeweza, shavu litaweza.

Jumapili, 11 Mei

Kasri. Nimegawa kwa macho, moja moja, nikizitenganisha kwa ukucha. Mwendo wa mtoto wa chekechea. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Katikati ya mchezo Huzefa akanyoosha mkono.

"Mzee, leo nigawe mimi. Wewe pumzika."

Nikampa.

Wote wameipenda Kasri. Haitelezi, haigandi, ukiitupa inatua palepale. Wakaniuliza hukumu. Nikasema Kasri, uzito wake umetulia, mgongo wake una mshiko mzuri. Maneno matamu, na yote nimeyaokota kwao. Vedasto akanipa mkono, akasema ndiyo maana kazi hii wanamwachia fundi mwenyewe. Kanisamehe wizi ambao sikuufanya, na mimi nikaupokea msamaha. Afadhali mwizi wa karanga.

Agnetha alikusanya vikombe.

Jumapili, 18 Mei

Usoke. Nimefika salama. Gesti ileile, godoro lilelile.

Agnetha alinisindikiza. Kanifungia dawa na soksi mbili nene. Tulipoagana alinishika mkono, nadhani kwa muda mrefu. Nilikuwa naangalia begi, sina hakika.

Mitumba imeshapangwa ghalani, mistari hadi mlangoni. Wakulima wengine wamelala hapohapo na mali yao.

Jumatatu, 19 Mei

Mchana. Niko chumba cha mizani, nimeegemea mlango.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Rangi kwa macho, harufu kwa pua, unyevu kwa shavu. Wakulima wakacheka kwamba mwaka huu mzee Emilian anaibusu tumbaku. Nikacheka nao. Silasi, mteuzi mwenzangu, kijana wa juzi, hakucheka.

Kisha jua likawaka. Bati la ghala likaanza kulia, jasho likanitiririka usoni. Shavu bichi litapimaje? Kila jani nikaliona bichi. Nilirudisha mtumba mmoja. Wa pili. Wa tatu ulikuwa wa mama mmoja anaitwa Kabula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtumba wako una unyevu, mama. Urudi nao."

"Hapana mzee. Hii imekauka, nimelala nayo chumbani na watoto. Shika tena, tafadhali. Shika kwa mkono."

Mstari mzima ukageuka kutuangalia. Akachomoa jani katikati kabisa ya mtumba, akaniwekea kiganjani. Nikafumba macho, kama nilivyofanya maisha yangu yote ya kazi, watu wajue napima. Nikasugua kwa kidole gumba. Taratibu. Nikasubiri, labda kitakuja kitu. Nikatoa ile sauti yangu ya soko:

"Mama, jani hili bado bichi."

Akasogea karibu, akasema chinichini, wengine wasisikie:

"Mzee, jani ninalo mimi."

Nikafumbua. Jani lilikuwa mkononi mwake, sijui alilichukua saa ngapi. Mimi nilikuwa nasugua vidole vyangu mwenyewe.

Hakupiga kelele. Angeweza. Ghala zima lingenigeukia na lingekuwa na haki. Alisimama tu ananitazama, na machoni mwake hamkuwa na hasira, ndiyo maana nimekimbia. Nilisema naenda kunywa dawa.

Kupitia ufa wa mlango namwona. Amekaa juu ya mtumba wake. Ile mingine miwili imeshapakiwa kwenye mkokoteni, wenyewe wanafunga kamba. Sijui ilikuwa mibichi au mikavu. Sijui.

Silasi anagonga. Anauliza mtumba wa mama Kabula uende kwenye mizani au urudi.

Nimemwambia asubiri. Anauliza tena, na sasa anauliza kama naumwa.