Visu Vinakwenda Upande

Mwangaluka, mayu. Shikamoo, Mama.

Nakuandikia nikiwa kibandani kwetu, sokoni Ngokolo, kati ya mteja na mteja. Usitarajie barua iliyotulia. Naandika mstari, nasimama, nafagia unga wa chuma ambao nimekwisha kuufagia, nakaa tena. Tangu tukuzike kule Tinde mikono yangu haikubali kulala mapajani. Siku ya kuanua matanga waliponinyoa nywele, wenzangu walilia. Mimi nilikuwa nasikiliza wembe unavyokwaruza, nikasema moyoni: huu butu, Mama angeutupa. Sikujua kulia kunaanzia wapi.

Habari si nzuri, au tuseme hazikuwa nzuri mpaka juzi. Visu vilinikataa.

Unakumbuka tulivyogawana kazi ya kunoa. Mimi vifaa vya shamba, wewe visu. Ulikuwa ukisema, "Panga linavumilia, kisu hakivumilii," na sikubisha, kwa sababu ulinionyesha. Panga ukilifanya jembamba mno, likigonga kisiki linamegeka, kwa hiyo nalipiga tupa nikiliachia unene wake na mwenyewe anaondoka kaliweka begani. Mundu wa mpunga meno yake yote yanamtazama mvunaji, maana kazi yake ni kuvuta. Nayapitia jino kwa jino kwa kile kitupa cha pembetatu. Hayo nayaweza nikiwa nimefumba macho. Ulinipa tupa kabla sijaanza hata shule, majirani wakakulaumu, ukawajibu, "Mtoto akililia wembe mpe." Kovu ninalo mpaka leo, hapa kwenye kidole gumba.

Ulipoondoka visu vikaniangukia vyote. Vile vya kuchunia vya watu wa machinjioni, vyenye tumbo la mviringo ili visitoboe ngozi. Kile chembamba cha mama muuza sato, kinachopinda kikifuata mfupa. Cha fundi viatu, kifupi, makali yako mbele kama ya patasi. Wakaleta, nikanoa, wakachukua. Haukupita muda wakaanza kurudi. "Kabula, kisu kinakwenda upande." Mama muuza sato alinitupia samaki mezani nione: ubavu mmoja umekatwa vizuri, mwingine nusu ya mnofu imebaki kwenye mfupa. Muuza nyama naye akaja na kipande kinene juu, chembamba chini.

Nilivijaribu, Mama. Kwenye ukucha, kwenye karatasi, kwenye malaika ya mkono. Vinanyoa! Nikavipeleka nyumbani nikakatia nyanya, vitunguu, nyama. Mkononi mwangu vinakwenda sawasawa, mikononi mwao vinapinda. Nikamwambia mama muuza sato kwamba kiwete ni kiganja chake. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu. Ungekuwepo ungenizaba kibao, na ungekuwa na haki.

Aliyenikosesha raha zaidi ni Mzee Sudi, mchinjaji. Unajua wauza nyama wote wanamtazama yeye; anapopeleka kisu chake nao ndiko wanakopeleka. Kile kisu chake kirefu ulikuwa ukikiviringisha kwenye kitambaa chake peke yake, hukiruhusu hata kukatia kamba. Kisiwe na pengo hata la unywele, ulisema, mnyama asipate taabu. Alikirudisha. Nikanoa, akakirudisha tena. Na kila mara neno lilelile, kwa sauti ya upole: "Noa kama mama yako alivyonoa, mwanangu."

Nilikasirika. Niliona ananisimanga. Ningemwiga nani mwingine? Miaka yote nilikaa mbele yako kwenye kigoda changu, tunatazamana, kinoo chako na kinoo changu vikikaribia kugusana, wewe umelipa soko mgongo, mimi nalitazama soko. Ukisukuma nasukuma. Ukivuta navuta. Mkono wako na wangu ilikwenda upande mmoja, kama watu wanaotwanga pamoja.

Mara ya mwisho akaniambia waziwazi. Idi ya kuchinja inakaribia, hawezi kumtesa mnyama kwa ajili ya kunionea haya. Kikienda upande tena atakipeleka kwa yule jamaa wa mashine barabarani, anayenoa kwa cheche mpaka chuma kinageuka buluu. Siku hiyohiyo Masanja akapiga simu kutoka Nyarugusu, kwenye mashimo ya dhahabu. Mwanao wa kwanza hajabadilika, anaongea kama anayefukuzwa. "Funga hapo, Kabula. Huku maduarani kuna moko za kunoa kutwa nzima, halafu kuna mtu anakitaka kibanda cha Mama." Moko, zile patasi nene za kupasulia mwamba. Ni kweli hazichagui mkono, zinataka ncha tu. Nikamwambia asubiri. Mzee Sudi akikiridhia kisu chake, nabaki. Asiporidhika, nafungasha.

Halafu ikanyesha. Bati linavuja palepale kwenye kigoda changu. Nilikuwa sijakalia kiti chako tangu uondoke, nilikiwekea kanga yako na kuipita pembeni kama mgeni. Siku hiyo nikaiondoa, nikakaa. Nikavuta kinoo chako mbele yangu, nacho nilikuwa sijakigusa.

Kimelika bonde, na bonde lenyewe limelala upande. Mkono wa kulia ukagoma. Kisu kikawa kinaparuza ukingo. Nikakihamishia kushoto bila kufikiri, kama mtu anavyohamisha ndoo mkono ukichoka, na kikaingia. Kikakaa mle kama mguu kwenye kandambili ya zamani.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena nikatoka mvuani, watu wakidhani nimepata wazimu.

Ulikuwa unanoa kwa mkono wa kushoto, Mama.

Nilikuona kila siku na sikukuona. Tulikuwa tunatazamana, mkono wako wa kushoto uko mbele ya mkono wangu wa kulia, nikaufuata kama wa kwenye kioo. Kula ulikula kwa kulia. Kusalimia, kupokea, kumrudishia mtu kisu chake, vyote kwa kulia. Uliwahi kunisimulia bibi alivyokuwa akikufunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga wakati wa ugali, tukacheka mpaka machozi. Kumbe ule mkono haukufa. Watu walisema Mama Masanja analipa soko mgongo kwa sababu anaficha dawa. Hukuwa na dawa. Ulificha mkono. Uliogopa wataona visu vya chakula vinanolewa kwa mkono wa msalani, na kisu cha kuchinjia pia.

Na mkono huohuo ndio uliolaza makali ya kila kisu cha soko hili upande wake. Viganja vya watu vikajipinda kidogo kuyafuata, mwaka baada ya mwaka, wenyewe wasijue. Nikaja mimi na kulia kwangu nikavigeuza vyote.

Nilikukasirikia. Nasema kweli, sitakuficha, umekwisha kunificha ya kutosha. Pale hospitali presha ilipokuwa ikipanda na kushuka uliniambia gunia la mpunga liko wapi, kanga ipi apewe nani, kuku gani asichinjwe. Hilo moja ukaondoka nalo.

Nikaanza kuufundisha mkono wangu wa kushoto. Mjinga kweli. Nikaharibu visu vyetu vya nyumbani vyote viwili, nikajikata kidole cha kulia, kwa hiyo sasa nina makovu pande zote. Mkono ukaanza kutii taratibu. Asubuhi aliyokuwa anakuja Mzee Sudi nikafanya kitu ambacho hukukifanya maisha yako yote. Nikageuza kiti. Nikalitazama soko, kinoo mapajani, kisu cha mchinjaji mkononi, mkono wa kushoto. Kama watakimbia, wakimbie wakiwa wameniona.

Mmoja alikimbia. Dada mmoja, mama lishe, alisimama, akautazama mkono, akachukua kisu chake juu ya meza akaondoka. Iliniuma. Nikajua kumbe hukuogopa kivuli.

Mzee Sudi akafika. Nilimwona ananiona. Nikampa shikamoo, lakini mkono sikuusimamisha. Akaitikia marahaba, akangoja. Nikakipangusa kisu kwa kitambaa chake nikampa kwa kulia, kama wewe. Akakipitishia ukucha toka shina mpaka ncha, polepole, macho kafumba.

"Huo sasa ndio mkono wa mama yako," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia makali hayafichi mkono, alijua tangu kisu cha kwanza ulichomnolea. Mnyama anataka makali, hajali mkono ulionoa. Basi kwa nini hakunieleza, ananiacha nahangaika? Akaniangalia kama anamwangalia mtoto. "Ningekwambiaje, Kabula? Mwenyewe alilifunika. Nije nilifunue mimi, naye yuko kaburini?"

Nililia, Mama. Palepale, kiti kikilitazama soko, kwikwi kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mzee wa watu akasimama mbele yangu kunikinga na macho ya watu mpaka nilipomaliza. Ulikuwa unajificha, na mtu uliyemwogopa kuliko wote alikuwa anakusaidia kujificha. Ningetoa chochote ulijue hilo ukiwa hai. Ndiyo sababu naandika.

Kisu hakikurudi. Wauza nyama wameleta vyao. Masanja nimemwambia kibanda hakiuzwi, amenuna, atazoea. Mama muuza sato bado sijamwomba radhi. Nikimaliza mstari huu naenda na kisu chake, na nitapiga goti.

Bado sijatulia. Kila siku nakuuliza maswali kwa sauti, fundi viatu wa jirani ananiitikia akidhani nasema naye. Lakini mikono sasa ina pa kwenda.

Lala, mayu. Kanga yako nimejifunga kiunoni, kiti nakikalia, kinoo kile ni changu mpaka kiishe. Mpunga ukivunwa nitakuja Tinde. Najua majani yamekufunika, mvua zimekuwa nyingi. Nitakuja na mundu, nipige magoti, niyakate yote kaburini pako kwa mkono wa kushoto, mchana, shangazi na ukoo mzima wakiangalia.

Mwanao,
Kabula