Binti Yangu Aliniuliza Kazi Yangu Inaisha Lini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaliharibu jambo hili zaidi ya nilivyokwisha kuliharibu. Mimi ni kibarua wa ujenzi, nabeba zege na matofali mbali na nyumbani, shule nilisoma kidogo nikaishia njiani, kwa hiyo ukiona maneno yamepangana vibaya unisamehe. Mke wangu na watoto wako nyumbani na mimi nawalea kwa simu, na hiyo simu yenyewe ni mbovu, sehemu ya kusikilizia imekufa, lazima niweke spika ndiyo nisikie, na chumba tunachokaa tuko wanaume sita, kwa hiyo habari za kwangu wanazijua wote kama za kwao.

Binti yangu yuko sekondari. Mwaka huu mwalimu wao mmoja wa kike ameanzisha kikundi cha kuwafundisha wanafunzi mambo ya fedha na biashara, jinsi ya kuweka akiba, kupanga matumizi, kutafuta mtaji, na wanatengeneza sabuni ya maji wanawauzia majirani wa shule, na binti yangu wakamchagua awe mtunza fedha. Nilifurahi, sikufichi. Niliwaringia wenzangu humu chumbani mpaka wakanichoka. Bibi yake tu ndiye alinilalamikia, eti, "Huyu mwanao siku hizi ukimtuma chumvi anakuuliza kama ilikuwa kwenye bajeti," nikacheka.

Sasa Jumapili moja mchana tunafua nguo, simu ikaita, ni yeye. "Shikamoo baba, una nafasi? Nina kazi ya shule." Nikamwambia, "Marahaba mama, sema." Akasema mwalimu amewataka kila mmoja amhoji mtu mzima anayejitafutia riziki, na yeye amenichagua mimi. Wenzangu wakaacha kufua wakasogea. "Baba, mtaji wako ni nini?" Kabla sijafungua mdomo, mpiga plasta mmoja tunayemwita Profesa akadakia, "Mgongo!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. "Na gharama zako za uendeshaji?" Profesa tena, "Mgongo huohuo, andika!" Tukacheka karibu tumwage ndoo, na binti naye namsikia anacheka kule. Halafu akauliza, "Baba, ulipokwenda huko lengo lako lilikuwa nini, na utajuaje kwamba umelifikia ili urudi?"

Mshauri, wote wakanigeukia. Kisha mmoja akasema, "Hapo sasa! Jibu, mwekezaji." Wakacheka tena, lakini mimi sikuweza, maana niliondoka nyumbani kwa ajili ya paa, paa likapatikana, nikasema ngoja nimalizie ada ya kaka yake, ada ikaisha, dada yangu akaugua, akapona, nikasema huu ni mwaka wa mwisho, na huo wa mwisho nimeusema mara nyingi hata mke wangu ameacha kuuliza. Nilijiona kama nimevuliwa nguo mbele za watu. Nikamfokea. Nikamwambia, "Nimekupeleka shule usome, sikukupeleka ujifunze kunikagua. Kesho ukamwambie mwalimu wako umetoka kwenye hicho kikundi." Akasema, "Sawa, baba." Basi.

Na kweli ametoka. Mke wangu anasema siku ya pili yake alimrudishia mwalimu kisanduku cha pesa za kikundi bila kubishana na mtu. Sasa nikipiga simu ananiamkia vizuri, halafu hapohapo, "Mama huyu hapa." Nilimwomba mke wangu anisemee kwake, akanijibu, "Mtoto ametii amri yako. Unataka nini tena?" Na ndiye aliyeniambia kwamba wenzake walikwenda kuwahoji wenye maduka na mafundi cherehani, na mwalimu alimshauri naye aende kwa mwenye duka aliye jirani na shule, akakataa, akasema yeye atamhoji baba yake. Mwalimu mwenyewe amenipigia, kwa heshima tu, akasema nafasi ya binti anaishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo itabidi ampe mwingine.

Moyoni nataka arudi. Lakini mshauri, baba wa kwenye simu hana kitu kingine cha kulea nacho isipokuwa neno lake. Sipo pale kumshika mkono, sipo hata kumtolea jicho. Nikilifuta neno hili, siku nikimkataza jambo la hatari atanisikiliza kweli? Na akirudi kikundini akaniuliza tena lile swali, nitamwambia nini? Nishauri tafadhali.

Baba wa Kwenye Simu

*

Baba wa Kwenye Simu, pole. Pole kwa kazi, na pole kwa hiyo Jumapili. Mtu akiguswa panapouma, hupiga kelele, na wewe uliguswa mbele ya watu. Naelewa. Ila umempigia kelele asiyehusika. Aliyekucheka ni Profesa na wenzake, aliyeadhibiwa ni mtoto. Hilo huwezi kulitetea, na nadhani hata wewe hujajaribu.

Unasema alikukagua. Hebu rudia swali lake, umeliandika mwenyewe. Limeishia na "ili urudi." Mkaguzi hasemi hivyo. Anayesema hivyo ni mtoto aliyemkumbuka baba yake, na kwa mara ya kwanza amefundishwa namna ya kuliuliza jambo hilo bila kulia. Isitoshe, kazi hiyo angeimaliza dakika chache kwa mwenye duka. Akaona bora wewe. Wenzako walisikia kibarua anahojiwa. Yeye alikuwa anamhoji mfanyabiashara wake mkubwa.

Kuhusu neno lako, acha kujitisha. Neno lisilo la haki amelitii bila kubisha, sembuse lile la haki? Hatakudharau kwa kuona umelirekebisha. Atakudharau akijua kuwa unajua ulikosea, na bado umelikalia. Wewe unayejenga unafahamu vizuri: ukuta ukipinda unaubomoa mapema, husubiri ufike kwenye paa ndipo useme fundi hapaswi kubishiwa.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili mpigie mwalimu, leo hii, mwambie umempa binti ruhusa na umshukuru kwa kumngoja. Usimwachie mkeo kazi hiyo. Amekujibu kwa haki kabisa. Hakutoa ile amri, kwa nini atumwe kuifuta?

Kisha uzungumze na mkeo, ninyi wawili. Azima simu nzima ya mtu, toka nje, nenda mahali ambapo Profesa hafiki. Mchague jambo moja ambalo likikamilika unarudi. Moja tu. Ada zitakuwepo, wagonjwa watakuwepo, na ukiyangoja yote yaishe utazeekea kwenye zege. Inawezekana mkakuta kwamba lengo lilikwisha kufikiwa na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulisema. Inawezekana pia mkakuta bado, na hiyo si aibu. Aibu ni kuendelea kubeba bila kujua unabeba mpaka wapi.

Mkipata jibu, binti apewe kama lilivyo. Usimtajie mwezi wa kumfurahisha; huyo sasa anajua kupiga hesabu, atakukamata. Wala usimtwishe shida za nyumba nzima kwa kuwa anaonekana mwerevu. Ni mtunza fedha wa sabuni, si wa ukoo.

Ila usisubiri jibu ndipo umtafute; kama bado hamjalipata, mwambie hivyohivyo. Mpigie Jumapili hii, yeye, si mama yake. Akitaka kumpa mama yake simu, mwambie leo umempigia yeye. Usianze na mahubiri, wala usijieleze ulivyochoka, anajua. Mwambie hivi: "Mwanangu, swali lako lilikuwa zuri. Mimi ndiye sikuwa na jibu, nikakufokea. Nisamehe. Niulize tena."

Halafu nyamaza, umwache aulize.