Gigabaiti 412 za Gesima

Jumapili, Machi 16

Video za Nyanya Bosibori wa Gesima zimepotea. Gigabaiti 412, faili 96. Ijumaa tarehe 14 zilikuwepo. Leo hazipo.

Nilianza kutoa filamu yake nzima iwe faili moja saa tatu asubuhi. Dakika kumi na nane za filamu, picha 27,000. Kompyuta yetu hudai masaa sita, yaani dakika ishirini za kungoja kwa kila dakika moja ya kutazama. Nimezoea. Nikapika chai, nikafua. Saa tisa alasiri nikafungua nione. Ramani aliyochora Salim, mwenzangu wa ofisini, iko sawa, majina yanatembea vizuri. Nyanya hayupo. Mahali pake ni bango jekundu la programu ya kuhariri: faili haionekani. Bango baada ya bango, mara 96.

Familia yake inafanya shukrani ya miaka tisini Jumapili ijayo ile nyingine, tarehe 30. Filamu ndiyo kiini cha siku hiyo.

Jumamosi mimi sigusi kitu. Mimi ni Msabato. Jumamosi aliyekuwa ofisini ni Salim peke yake.

Jumatatu, Machi 17

Salim aliingia saa tatu. Hakunywa chai, amefunga. Nilimuuliza kabla hajakaa. Ulifuta nini Jumamosi?

"Sijafuta kitu, Dada Moraa. Nilikuta nafasi kwenye diski, nikaingiza harusi ya Nyamira."

"Nafasi ilitoka wapi? Ilishuka na mvua?"

Diski hiyo Alhamisi ilikuwa na gigabaiti 37 tu. Jumamosi akakuta mia nne na zaidi. Na hakushangaa? Nilipaza sauti. Wateja walikuwepo, mama wa bibi harusi na dada zake, na wale wawili waliokuja kuchukua picha za pasipoti. Watu saba. Nikasema ndiyo hasara ya kumwachia ofisi mtu asiyejua siku ya kupumzika.

Akasema, polepole, "Nimefunga. Sitagombana na wewe." Akachukua kalamu yake ya kuchorea na mto wa kiti chake, akashuka ngazi.

Miaka minne tumefanya kazi pamoja. Mto ndio ulionikera. Mtu anayerudi kesho habebi mto.

Jumanne, Machi 18

Nimejaribu kurekebisha animesheni, ile michoro inayotembea, mwenyewe, ili ijaze pengo la Nyanya. Nimejuta.

Kazi ya Salim ina tabaka 214. Nimezihesabu. Moja inaitwa mizizi_3, nyingine mizizi_3_mpya, nyingine mizizi_3_mpya_kweli. Nikigusa jani la chai, kilima cha Gesima kinahama. Nikirudisha kilima, majina ya watoto wa Nyanya yanapinduka. Programu imejifunga mara tano kabla ya saa saba. Kila inapojifunga inaomba msamaha kwa maandishi mazuri.

Na inakula diski. Kila unachotazama inajiwekea akiba yake ya muda, leo gigabaiti 60, kesho 140. Hiyo ndiyo iliyotubana tangu Februari.

Sikusomea kazi hii. Nilianza na simu iliyopasuka kioo, nikirekodi harusi Ekerenyo. Kamera najua, kukata video najua. Kufanya mche wa chai wa mchoro uote kutoka ardhini na kuwa shamba, sijui. Huyo ni Salim.

Jumatano, Machi 19

Nimepeleka diski Masimba kwa Ondieki. Ni fundi wa kompyuta, duka lake liko karibu na stegi ya matatu, na hufufua vilivyofutwa. Aliitazama akacheka.

"Hii nyumba imeshapata mpangaji mpya. Unataka nimfukuze?"

Mpangaji ndiyo ile harusi ya Nyamira. Imekaa pale pale alipokuwa Nyanya. Nilimwambia afanye anavyoweza. Akasema kesho mchana.

Njiani nilipanga maneno ya kumwambia Salim akirudi kuomba radhi. Niliyapanga vizuri sana.

Alhamisi, Machi 20

Ondieki amepata faili tisa kati ya 96. Nyingine zimefunikwa. Katika hizo tisa, nne ni za ng'ombe na banda.

Kisha akanionyesha orodha. Kila kilichofutwa huacha alama ya wakati. Folda ya Gesima ilifutwa Ijumaa tarehe 14, saa nane na dakika arobaini na saba mchana.

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Ijumaa.

Ijumaa saa saba Salim huenda msikitini na hurudi saa tisa. Hiyo ni kila Ijumaa kwa miaka minne, ndivyo tulivyogawana. Yeye ana Ijumaa mchana, mimi nina Jumamosi. Saa nane na dakika arobaini na saba aliyekuwa kwenye kile kiti ni mimi.

Nakumbuka sasa. Si kwamba nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka tangu Jumapili kwamba nilifuta nakala moja, lakini nilikuwa na hakika ya pili ilibaki, na kwamba Salim ndiye aliyeifuta. Programu ilikataa kufanya kazi, diski imejaa, na nilitaka kumaliza kabla jua halijazama na Sabato kuanza. Nikaona folda ya Gesima kwenye diski mbili. Majina yale yale, faili 96 na 96. Nikafungua moja, Nyanya akacheza, akaongea. Nikasema hii ipo, ile ni ya ziada. Nikafuta ile.

Iliyobaki ni nakala ndogo. Programu huzitengeneza ili kompyuta isichoke, na huzipa majina ya faili kubwa. Sikuangalia uzito. Mimi, ambaye huhesabu hata kofia za lenzi. Zilizobaki zote 96 zina gigabaiti saba.

Nimepiga hesabu. Kati ya kila nukta 36 za picha yake, imebaki moja. Kwenye simu anaonekana. Kwenye skrini kubwa ya hema la shukrani atakuwa ukungu.

Sheria ya kila video kuwa na nakala mbili niliitunga mimi. Niliiandika mimi ukutani.

Ijumaa, Machi 21

Nimefungua saa mbili, nimefunga saa nane. Sikufanya kazi. Nilimpigia Salim mara tatu. Inaita, haipokelewi.

Jumapili, Machi 23

Jana kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ya Jumatatu.

Leo nimepanda Gesima kumwambia Nyanya ukweli. Alikuwa ameketi barazani na kapu la majani ya mboga. Nikamwambia nimepoteza maneno yake, nimeyafuta kwa mkono wangu, naomba turekodi upya. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Yule kijana wa mjini yuko wapi?"

Nikasema nitakuja peke yangu.

Akatikisa kichwa. "Wewe ni wa hapa. Unajua yote. Nikueleze nini?"

Tukajaribu kidogo kwa simu. Nilimuuliza alivyopanda chai ya kwanza mume wake akiwa kazini Kericho. Akanijibu kwa Ekegusii, sentensi mbili: nilipanda, ikaota, si unaiona. Kwa Salim alizungumza masaa mawili, kwa Kiswahili chake cha kuokota okota, kwa sababu Salim haelewi lugha yetu na hajui lolote. Aliuliza mche unafananaje. Aliuliza kama mume alimpiga aliporudi akakuta chai. Mimi nisingeuliza. Nyanya akacheka, akasema hakumpiga, alikataa kula wiki nzima, kisha akaomba jembe.

Hiyo ndiyo filamu. Haikuwa ya kamera yangu. Ilikuwa ya maswali yake.

Amekubali Alhamisi, saa nne asubuhi. "Mje wawili," akasema.

Jumatatu, Machi 24

Nimekwenda dukani kwa baba yake Salim, anauza vitambaa. Nilimwamkia, akanikaribisha kiti. Nikamweleza yote bila kupunguza. Alikuwa anakunja kanga, hakuacha kukunja.

"Hayo uliyasema mbele ya watu wangapi?"

"Saba, mzee."

"Basi wewe unajua hesabu kuliko mimi, mwanangu."

Akavuta kanga nyingine. Salim alikuwa ndani, viatu vyake niliviona mlangoni. Sikuomba aitwe.

Nimerudi ofisini nikatafuta namba kwenye daftari la wateja. Nimempigia mama wa bibi harusi na dada zake wanne, mmoja mmoja. Nimewaambia aliyefuta ni mimi, na kwamba neno nililosema kuhusu siku yake ya kupumzika lilikuwa la aibu. Mmoja alisema hakuwa hata amesikia. Mmoja alisema alisikia vizuri sana. Wale wawili wa pasipoti sina namba zao. Mmoja huuza ndizi karibu na benki, nimemfuata hapo hapo. Wa mwisho bado.

Jumanne, Machi 25

Mvua tangu asubuhi. Nimenunua diski mpya, nimeiandika kwa kalamu nene: KUBWA. Nyingine nimeandika NDOGO. Nimechaji betri nne.

Ujumbe niliomtumia Salim saa tano, nauweka hapa nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliandika vingine:

Salim. Nilifuta mimi, Ijumaa, ukiwa msikitini. Nilikusingizia mbele ya watu na nikaitia dini yako mdomoni. Sina la kujitetea. Watu sita kati ya saba wameshasikia kwangu, wa saba namtafuta. Nyanya Bosibori anatungoja Alhamisi saa nne na anakutaka wewe. Sikuombi urudi ofisini, hilo utaamua siku yako. Nauliza hili moja: utakuja Gesima au hutakuja? Nijibu kesho Jumatano, saa sita mchana. Ukisema hapana nitampigia Nyanya nimwambie ukweli, sitakulaumu. Lakini usininyamazie. Ndiyo au hapana.