TV ya Kichogo na Mayai ya Mwenyekiti

Jumatatu, 9 Juni

Chai. Dawa ya presha. Kisha kuiwasha ile kompyuta ndogo na kuiwekea saa. Ndiyo ratiba yangu ya asubuhi, wiki ya pili sasa. Haina betri ya saa, ikizimwa inasahau, na siku ya kwanza iliniambia tuko mwezi wa nne. Nikaizuia isijirekebishe yenyewe. Mimi ni fundi wa redio na TV miaka ishirini na nane, na nina saa ya ukutani. Leo nimeiandikia mbili na dakika kumi, sawasawa kabisa.

Aliileta Tumaini, binti yetu, alipokuja likizo. Ubao mmoja mtupu, mdogo kuliko pakiti ya majani ya chai, eti kompyuta kamili. Nikamwahidi mama yake kwamba itaendesha mashine ya kutotolesha vifaranga. Kasha ninalo: TV ya kichogo ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Nimetoa matumbo yote, mbele nimeweka kioo cha dirisha, ndani balbu mbili, feni na kipimajoto. Kilichobaki ni kusakinisha programu ya kusoma kipimajoto na kuwasha na kuzima balbu. Nilisema kazi ya nusu saa. Nilisema mbele za watu.

Nilikuwa sina haraka. Sasa ninayo. Jana jogoo wetu Mwenyekiti alikufa. Uzee tu. Huyu alikuwa wa mwisho wa mbegu ya marehemu mama mkwe, wale kuku wa kijijini Mvumi wa shingo tupu aliowafuga maisha yake yote. Yamebaki mayai ishirini na manne kwenye trei. Mama Tumaini ni muuguzi, kila yai ameliandika tarehe kwa penseli. La zamani kuliko yote ni la tarehe tano. Yai likizidi siku kumi, anasema, ni la chapati. Na kwa baridi hii hakuna tetea hata mmoja anayetaka kulalia.

Hajalia. Ameniambia tu: "Baba Tumaini, hayo ndiyo yaliyobaki ya mama."

Kwa hiyo Jumapili ndiyo mwisho.

Nimeiamuru kompyuta ivute orodha mpya ya programu kutoka mtandaoni, maana bila orodha haijui cha kusakinisha. Imekataa. Imesema kwa Kiingereza chake kwamba orodha hii bado haijawa halali, itakuwa halali baada ya saa tano na dakika kumi na mbili. Nimefurahi. Angalau imenipa muda kamili. Nikaelewa kwamba huko ghalani kwao, wanakotunza programu, hawajafungua.

Nimesubiri hapa dukani, chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa saa tano na dakika kumi na tano. Nikajaribu. Sasa inataka saa tano na nusu nyingine.

Jumanne, 10 Juni

Nimeiwekea saa: moja na dakika hamsini. Nikajaribu mapema, niwahi foleni. Subiri saa nne na kitu. Nimesubiri. Subiri saa tano na kitu. Nimefanya kazi na maofisi ya mji huu muda mrefu, tabia hii naijua. Asubuhi unaambiwa njoo mchana, mchana unaambiwa njoo kesho.

Nimemweleza mzee Sudi, jirani yangu hapa Chang'ombe, anayeuza vitenge mlango wa pili. Babu zake walikuja na misafara ya biashara, kwa hiyo anajiona mjuzi wa kila bidhaa inayotoka mbali. Akasema labda huko ughaibuni sasa hivi wamelala. Nikaona maneno yana akili. Tukahesabu wanaamka saa ngapi. Watu wazima wawili, mchana kweupe, tunahesabu kompyuta inaamka saa ngapi.

Jioni Mama Tumaini ameuliza kama nusu saa imeshafika.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya ninachofanya TV ikinishinda: nimerudi mwanzo. Nimefuta kadi yake ya kumbukumbu yote, nimeandika mfumo upya kabisa. Kazi ya asubuhi nzima. Mteja mmoja amekuja na redio yake, nimemwambia arudi kesho. Nimejisikia nikizungumza kama ile kompyuta.

Mfumo mpya, safi, hauna kosa. Kitu cha kwanza kabisa, kabla sijagusa chochote, nimeuzuia usijirekebishe saa na nikauwekea saa sahihi. Tano na dakika arobaini.

Orodha bado haijawa halali.

Nimekasirika. Nimeufunika ule ubao kwa kitambaa cha kufutia vioo ili usinitazame.

Alhamisi, 12 Juni

Lawama zote ni za mtandao, nimeamua. Nimepanda bodaboda hadi Chimwaga, karibu na chuo, kule simu zinashika vizuri. Nimekaa kwenye benchi la mama ntilie na kompyuta yangu, betri ya kuchajia simu na kioo kidogo cha kuonyeshea maandishi. Wanafunzi wakipita wananiamkia shikamoo, kisha wanachungulia, kisha wanapita taratibu kidogo. Nadhani walidhani napima umeme.

Mtandao ulikwenda kama maji. Jibu likaja haraka zaidi, basi. Haijawa halali.

Nimekula wali maharage, nimerudi. Vumbi mpaka ndani ya masikio.

Nilimwambia Mama Tumaini kwamba kama programu haitakubali, nitakaa mimi mwenyewe mbele ya kipimajoto, joto likipanda nazima balbu, likishuka nawasha. Siku ishirini na moja. Akajibu: "Kama ni hivyo si ulalie tu wewe, Baba Tumaini. Mwili unao."

Amecheka, mimi pia. Lakini alipoondoka kwenda kuyageuza mayai kwenye trei alikwenda polepole.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya. Umeme umekatika mchana, kompyuta ikazimika, umerudi jioni. Nimeiwasha, nimeiwekea saa: moja na dakika tano. Nikajaribu tena.

Sasa inasema nisubiri saa kumi na sita.

Kumi na sita. Wiki nzima ilikuwa inacheza kwenye nne, tano. Nimekosa nini? Inaniadhibu kwa kukatika umeme, kana kwamba mitambo ni yangu. Nikahisi kweli kwamba nimeshindwa, mimi niliyewahi kuwasha TV iliyozama kwenye mafuriko.

Ninapoingia jikoni nakuta mezani kuna unga wa ngano kilo mbili. Mpya. Unga wa chapati.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike yote kama yalivyotokea, kwa maana mwenyewe nikisoma baadaye sitaamini.

Wiki nzima Mama Tumaini alikuwa anaingia zamu alfajiri, anatoka nyumbani mimi bado niko na mswaki. Leo mapumziko yake. Akaniletea chai mezani, akasimama nyuma yangu na kikombe chake, anatazama. Nikaiwasha kompyuta. Nikatazama saa ya ukutani, mbili na nusu. Nikaandika kama kila siku: 02:30.

Akasema: "Hiyo umeandika nini?"

Nikamwambia saa. Saa mbili na nusu.

"Mbili na nusu ni kwako na kwangu. Hiyo mashine umeiambia ni saa nane na nusu za usiku."

Akaweka kikombe chini. Akanisimulia, taratibu, kama anavyosimulia wagonjwa jinsi ya kumeza dawa, kwamba mwaka wake wa kwanza wodini aliandika kwenye chati sindano ya saa mbili asubuhi kwa namba mbili, na muuguzi wa zamu nyingine akataka kumwamsha mgonjwa usiku wa manane amchome. Msimamizi alimsema mbele ya wodi nzima. Tangu siku hiyo kazini anaandika nane, nyumbani anasema mbili, na hajawahi kuchanganya.

Miaka ishirini na saba ya ndoa. Hajawahi kunisimulia kisa hicho. Leo nimejua kwa nini.

Basi yote yakajipanga. Orodha ya programu ina muhuri wa saa ilipotengenezwa, leo asubuhi. Kompyuta yangu, kwa amri yangu mwenyewe, inaamini kwamba bado ni usiku, imechelewa saa sita. Inaletewa karatasi yenye muhuri wa saa ambayo bado haijafika. Inafanya kile ambacho karani yeyote mwaminifu angefanya: inakataa, na inasema kwa adabu nisubiri muda gani hadi hiyo saa ifike. Nikisubiri, kule wanatoa orodha mpya, tunaanza upya. Na jana jioni, saa moja yangu ikawa kwake saa saba za usiku uliopita, nikaichelewesha saa kumi na nane kwa mpigo. Hakuna ghala lililofungwa. Hakuna waliolala, isipokuwa mimi.

Nimeiruhusu ijirekebishe yenyewe. Ikafikiri kidogo, ikaandika 08:41. Nikavuta orodha. Imekubali. Nikasakinisha programu. Zimeingia zote, moja baada ya nyingine, bila neno. Dakika kumi na moja. Ningeweza kusema ilikuwa kazi ya nusu saa na bado ningekuwa nimezidisha.

Balbu zimewaka. Joto limepanda hadi thelathini na saba na nusu, balbu zikazima zenyewe. Likashuka kidogo, zikawaka. Tumesimama pale tunaangalia balbu kama watoto.

Mama Tumaini amesema kitu kimoja tu: mzee Sudi asisimuliwe. Nilidhani ananihurumia. Kumbe anataka amsimulie yeye mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Ibada ya kwanza, kisha mayai. Tumeyapanga yote ishirini na manne, ameshika kila moja kwa mikono miwili. La tarehe tano ameliweka katikati. Kibakuli cha maji pembeni, hewa isikauke. Mlango umefungwa.

Unga bado uko mezani. Amesema tutakula chapati za kusukuma, hazihitaji yai.

Jumatano, 25 Juni

Ameyamulika mayai kwa tochi. Kumi na tisa yana uhai. Matano hayana. La tarehe tano linayo mishipa, na kitu kinachocheza.

Mzee Sudi sasa kila asubuhi ananiuliza saa ngapi, halafu anauliza, ya kwetu au ya kompyuta. Nimevumilia. Nastahili.

Ijumaa, 4 Julai

Sauti ndani ya mayai. Ndogo sana. Nilidhani feni inataka kufa, nikaleta bisibisi. Mama Tumaini akaninyang'anya.

Jumapili, 6 Julai

Wa kwanza ametoka alfajiri. Mama Tumaini ameandika kwenye kasha, kwa penseli ileile, 05:40. Mimi chini yake nimeandika kumi na moja na dakika arobaini, maana na mimi ni mwenye nyumba.

Hadi mchana wako kumi na sita. Watatu hawakutoka. Wanne kati ya kumi na sita wana shingo tupu, nyekundu, mbaya kabisa, kama ya Mwenyekiti. Mmoja wao ndiye wa tarehe tano.

Hatukwenda kanisani. Mama Tumaini amevuta kiti chake hadi mbele ya ile TV, miguu juu ya kigoda, kanga ya mama yake mabegani, anatazama kioo. Nimeleta chai na kiti changu. Nje upepo, ndani balbu inawaka, inazima, inawaka.

Ameniambia nisiwashe redio, anawasikiliza.