Harufu Ilikuwa ya Vidole Vyangu

Zakaria ndugu yangu,

Jumanne asubuhi nilivuta moja ya zile sigaa mbili nene za kusokotwa ulizoniachia. Muuguzi amenikataza hata moshi wa jikoni, lakini mapafu haya hayana safari ndefu tena. Nilifuata masharti yote. Sikula kitu. Nilisugua mikono kwa majivu, kidole kimoja kimoja, nikasukutua kwa maji matupu, kama alivyotufundisha yule mzee Mgiriki mwenye ghala la tumbaku kule Tanzania, tulipokuwa wakimbizi. Wewe ulikuwa unalima, mimi nafundisha, na likizo zikija nakaa ghalani kupanga majani kwa madaraja. Ndipo ukaanza kuniamini pua.

Nilitaka nikuandikie matokeo tu. Lakini huwezi kuyaelewa bila kujua nilichofanya, basi nianzie hapo.

Siku ile uliponiita nije kijijini Gatete nionje, ulikuwa umesubiri miaka miwili. Ulikuwa umejenga banda lako la kukaushia mlimani, mbali na ufukwe, makusudi kabisa, kwa sababu tumbaku hunyonya kila harufu inayopita na huku Rumonge kila mahali kumeanikwa ndagala, dagaa wa ziwani. Mwenye hoteli wa Bujumbura alikuwa anasubiri. Alikuwa amekuambia apelekewe sigaa za majani matupu, zilizosokotwa hapa hapa kwetu, mradi Mwalimu azipitishe. Mwalimu ni mimi.

Basi dogo lilichelewa. Pale kituoni mama mmoja alikuwa anauza ndagala za kukaanga, nikanunua, nikala, nikafuta mikono kwenye suruali. Mimi niliyekuwa nawafukuza watu ghalani kwa sababu ya kitunguu.

Ulisimama mbele yangu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Nilivuta mara tatu. Kila nilipoileta sigaa mdomoni, samaki. Nikakuambia imeshika harufu ya ndagala, nikaipa sita juu ya makumi mawili. Ulicheka kidogo, ukasema, "Kumbe ndagala zimepanda mulima kunifuata, Mwalimu. Ziko na miguu?" Kisha ukaninyooshea mbili nyingine. "Weka hizi. Labda siku moja pua yako itapona." Mpaka leo sijui kama ulikuwa unatania.

Jioni mke wangu alinipa chai. Kikombe kilinuka ndagala. Nikanusa kikombe, nikanusa chai, halafu nikanusa vidole. Ndipo nikajua ni vidole vyangu.

Sikuja kukuambia, Zakaria. Siku ya pili nilijiambia nitakuja kesho. Siku ya tatu ulipita mbele ya nyumba yangu unasukuma baiskeli, magunia ya majani nyuma, unakwenda kuyafukia chini ya michikichi yawe mbolea. Ulinisalimu, "Amahoro, Mwalimu." Nami nikakujibu, "Amahoro." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ilitosha niseme sentensi moja. Ulipita tena mara nne siku hiyo, na mara zote tulisalimiana.

Hukupanda tumbaku tena. Ulirudi kwenye mawese kama watu wote. Na sokoni wakakupa lile jina, Zakaria Ndagala. Nililisikia, nikanyamaza. Mwaka mmoja hata mimi nililicheka, mbele ya watu, kwa sababu wote walikuwa wanacheka.

Tangu ulipokufa ni miezi minne. Michikichi ile imezaa sana mwaka huu. Adela, mke wako, amepungua, lakini bado anakwenda kwenye kinu cha mawese mwenyewe. Siku ya mazishi nilisikia mtu nyuma yangu anamweleza mgeni: "Ni yule mzee wa tumbaku ya samaki." Adela alisikia pia. Aliinamisha kichwa, akapangusa mikono kwenye kitenge kama vile ina uchafu. Nilitazama ile mikono. Sikulia. Tangu siku hiyo sijalia, wala silali vibaya, wala chakula hakinishindi. Ni kama mtu amenifunika kwa blanketi lililolowa.

Sasa matokeo yako.

Jani la juu lina rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, mishipa yake midogo, halijapasuka popote. Nilikuwa nimezihifadhi ndani ya kopo la biskuti pamoja na kigae cha chungu chenye unyevu. Nilipoibonyeza ilizama kidogo, ikarudi. Kabla ya kuwasha, mdomoni ilikuwa na utamu wa majani makavu na zabibu. Niliiwasha kwa kijiti, si kwa kiberiti cha gesi. Theluthi ya kwanza, karanga za kukaanga, na pilipili kidogo puani. Theluthi ya pili ilitulia, ikawa udongo baada ya mvua ya kwanza, na mwisho wake kahawa. Theluthi ya tatu ilikuwa kali, lakini haikuchoma ulimi. Majivu yalisimama meupe, marefu kama kidole. Upande mmoja uliungua haraka kuliko mwingine, hapo ulikaza mkono, nimekukata alama mbili. Ndagala hakuna. Niliitafuta mpaka moto ukanifika kucha.

Kumi na nane juu ya makumi mawili. Katika maisha yangu sijawahi kumpa mtu alama hiyo. Nilingoja nijisikie kitu. Nilisikia kikohozi tu, na wavuvi wanaitana kule chini.

Jumamosi tunamaliza matanga yako, maana huku kwetu hungojwa miezi. Watu wote watakuwepo, hata wale wa sokoni, na marafiki wataombwa kusema neno. Nimeomba niwe wa kwanza, nikiwa bado na pumzi. Nitasimama mbele ya Adela na watoto wako, nitawaambia nilikula nini kituoni na nikanyamaza miaka mingapi. Wakinitoa nje, nitatoka.

Sigaa ya pili nimeitunza. Nakuahidi nitaiwasha hapo hapo na kuipitisha mkono kwa mkono kwa wote waliokuita lile jina. Nimeshamwomba Adela aweke beseni la majivu na maji mlangoni.

Pumzika, Zakaria. Safari hii wataosha mikono kwanza.

Mwalimu wako