Wimbo wa Taifa Kando ya Mtaro

Jumamosi, Ilomba

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, hata neno moja lisitoke kinywani mwako. Mimi ni karani tu wa kata, na Baba hajui kwamba nimemwandika humu.

Mtendaji alisikia kwamba nyumbani napuliza tarumbeta, akataka leo, siku ya usafi ya kila mwezi, nipige wimbo wa Taifa kabla ya watu kuzibua mtaro. Baba, mwanajeshi mstaafu, akaniambia, "Ukiuharibu wimbo ule mbele za watu, hilo dude naliuza sokoni Mwanjelwa."

Midomo ilinikauka. Jirani yetu, Mama Tumaini, akapaza sauti, "Karani, puliza basi, majani yanaota tena!"

Nikapuliza. Noti ya juu, ile inayonishinda kila siku, ikatoka safi! Makoleo yakatulia. Bodaboda wakazima pikipiki. Baba alisimama wima ndani ya mabuti yake, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Sijawahi kuipenda nchi hii kiasi kile, nami nimesimama kwenye matope.

Baadaye aliniuliza tu, "Mwezi ujao unapiga tena, eh mwanangu?"

Ukitaka kunirudishia daftari, usije ofisini. Njoo siku ya usafi, ufuate tarumbeta.